Kumtafutia Bukini Mume

Mteja alikuwa amesukwa nusu ya kichwa. Upande wa kushoto mistari ilikuwa imelala sawasawa kama matuta ya mchicha, na upande wa kulia nywele zilikuwa zimesimama kama zilizoona jambo la ajabu. Hapo ndipo wifi wa msusi alipoingia saluni bila hodi na kusema kwamba fundi wa kuchomelea vyuma, yule wa nyuma ya soko, ana jogoo asiye na mkia.

Msusi aliachilia kichana, kikabaki kimening'inia kichwani mwa mteja.

"Hana mkia, au ana mkia mfupi?"

"Wifi, nimemwona kwa macho yangu. Ukimtazama kwa nyuma, ni mviringo kama bakuli lililofunikwa."

Mtu mgeni angeshangaa kuona habari ya jogoo ikimsimamisha mwanamke wa makamo katikati ya kazi. Majirani wa safu ile ya maduka hawakushangaa. Walikuwa wakimwita Mama Kuku, tena si kwa kumdhihaki, kwa sababu hapakupita juma bila mtu kumletea kuku ndani ya kikapu ili amtambulie aina yake. Naye alikuwa na namna yake ya kutambua, namna ya msusi. Hakuanza kwa kutazama rangi, kwa kuwa rangi, alisema, humdanganya mnunuzi kama vile rangi ya nywele inavyomdanganya mchumba. Alianza kwa vidole. Aliingiza vidole chini ya manyoya, akapapasa shingo, akapima unene wa mguu, kisha ndipo alipoinua macho na kutamka. Kishingo alimjua kwa ile shingo tupu ambayo, hata ukimlisha vipi, haioti manyoya. Kibwenzi alimtambua kwa kishungi cha utosini, na alipenda kusema kwamba huyo ndiye kuku pekee aliyezaliwa akiwa ametoka saluni. Kidimu, ambaye manyoya yake yamejikunja kurudi nyuma, alimfananisha na mwanamke aliyetia nywele dawa kisha akajuta. Kuchi alimtambua kwa urefu, kwa mguu mnene na kwa ile tabia ya kumtazama mtu kana kwamba anamdai.

Na juu ya hao wote alikuwako bukini, kuku anayezaliwa bila mkia.

Bukini aliingia katika maisha ya msusi pamoja na mama yake. Mama alihamia kwa binti yake baada ya macho yake kufa, moja kwanza na jingine baadaye. Alikuja na mfuko mmoja wa nguo na kikapu chenye kuku watatu, wote matembe wa bukini, majike ambayo hayajaanza kutaga, na akasema kwamba nguo zinaweza kusubiri nje lakini kuku waingie ndani. Mbegu ile alikuwa ameipata kwa mama yake mzazi alipoolewa, akaitunza katika kila nyumba aliyohamia. Mkwewe, mume wa msusi, ambaye ni fundi bomba, alimjengea banda uani kwa mabomba chakavu, banda imara kiasi kwamba wifi alisema siku moja maji yatatoka humo.

Lakini kuku si mali ya kuwekea matumaini. Mmoja alichukuliwa na ugonjwa wa kideri, wa pili akauawa na mbwa aliyeruka ukuta. Akabaki mmoja, mwekundu wa rangi ya udongo uliochomwa, ambaye kwa heshima ya umri wake walimwita Bi Mkubwa. Bi Mkubwa naye alikuwa anazeeka. Alitaga mayai machache, akapumzika muda mrefu, na kila pumziko lilikuwa refu kuliko lililotangulia. Kila asubuhi, hata kabla ya salamu, mama aliuliza kutoka kitandani kama ametaga. Hakulalamika kamwe. Ila msusi alijua maana ya swali lile: siku Bi Mkubwa atakapoacha kutaga, mbegu iliyopita mikononi mwa bibi na mama itakuwa imefia mikononi mwake yeye.

Majogoo wa kawaida walikuwa wengi mtaani, na kwa jogoo wa kawaida ungeweza kupata kifaranga mmoja mmoja asiye na mkia. Mama hakutaka. Alisema nusu huzaa robo, robo ikazaa masimulizi. Alitaka jogoo wa bukini, na jogoo huyo, kwa muda wote waliomtafuta, hakuwahi kuonekana.

Ndiyo maana msusi alimaliza upande wa kulia wa kichwa kile kwa mwendo ambao mteja mwenyewe alikiri baadaye kuwa hakuwahi kuuona, akafunga saluni mchana, akapita nyumbani kuchukua mtetea wake mzuri wa kishingo wa kubadilishana, na kwenda nyuma ya soko karibu anakimbia.

Jogoo alikuwapo kweli. Alikuwa akizunguka kati ya mageti na madirisha ya chuma, mweusi, mwenye upanga mwekundu kichwani na mwendo wa mwenye eneo. Nyuma yake palikuwa mviringo. Msusi alimuuliza fundi kama jogoo huyo aliwahi kuwa na mkia, na fundi akainua ile kinga yake ya uso, akafikiri kwa uaminifu, akajibu kwamba tangu amjue hakuwahi kumwona nao. Walibadilishana papo hapo. Alimfunga kamba mguuni, akambeba kwapani mtaa mzima, na kila aliyemsalimu alimjibu kwa habari ya jogoo badala ya salamu.

Mama alikuwa ameketi uani juu ya kigoda, akichambua mchele kwa vidole. Msusi alimwekea jogoo mapajani bila kusema neno, kwa kuwa alitaka mama aione furaha ile mwenyewe. Mama alipapasa upanga, akapapasa kifua, akasifu uzito. Kisha vidole vyake vilishuka mgongoni hadi mwisho, vikabonyeza mara moja, vikabonyeza tena.

"Mwanangu," alisema, "hebu leta kidole chako hapa."

Msusi alileta kidole, na kabla hakijafika alikuwa ameshaelewa. Pale ambapo kwa bukini mgongo hushuka laini na kuishia patupu, palikuwa na kinundu kigumu, kile kile cha mafuta ambacho watoto hugombania mezani. Mfupa wa mkia ulikuwapo. Mama alipulizia manyoya, na chini yake vikaonekana vishina vyeusi vya manyoya vilivyoungua, vimejipanga kama njiti za kiberiti zilizokwisha kuwashwa. Jogoo wa fundi alikuwa na mkia kama jogoo yeyote. Ila alilala chini ya meza ya kuchomelea, na kila mkia ulipojaribu kuota, cheche ziliushughulikia.

Mwenye kosa hakuwa fundi. Kosa lilikuwa la mtu aliyekuwa akiwahubiria wengine kwamba kuku hatambuliwi kwa macho, kisha siku ya jambo lake mwenyewe akatambua kwa macho peke yake.

Wifi alicheka mpaka akaegemea banda. "Wifi, umeleta bwana harusi aliyeungua koti," alisema, na tangu siku hiyo hakuna mteja aliyeketi saluni bila kusimuliwa. Msusi alivumilia. Alimrudisha jogoo, naye fundi, mwungwana, alimrudishia kishingo wake huku akimwomba radhi ingawa hakuwa na la kuombea radhi.

Ajabu ni kwamba maneno ya wifi ndiyo yaliyofungua njia. Kicheko hicho kilizunguka mtaa, kikapanda hata gari la taka, na dereva wa gari hilo akampelekea mkewe, na mkewe akakileta tena saluni alipokuja kusukwa. Alisema mumewe amecheka sana, kisha akauliza kwa nini hawaendi kwenye tangi la maji huko juu, kwa mlinzi, ambako kila anapopita kuchukua taka humkuta jogoo wa namna hiyo, na huko hakuna moto wala cheche.

Siku ya mapumziko msusi alikwenda. Alipanda kilima akijionya moyoni asifurahi kabla ya wakati, lakini miguu haikusikia, nayo ilimfikisha akihema. Mlinzi alikuwa mzee mkavu mwenye sare iliyopigwa pasi, na alipoelezwa haja ya mgeni wake alipiga mluzi. Kutoka nyuma ya tangi akaja jogoo wa rangi ya majivu, mwenye shingo ya manjano, akikagua ua hatua kwa hatua.

"Huyu anaitwa Meneja," alisema mlinzi. "Mimi nalinda, yeye anasimamia."

Msusi aliomba ruhusa ya kumshika. Safari hii alifumba macho. Kweli, alifumba kabisa, asije akashawishika, akatelezesha kidole kutoka shingoni, mgongoni, kiunoni, akingoja kugonga mfupa. Kidole kilikwenda, kikaenda, kikaishia kwenye hewa. Alirudia. Hakuna kinundu, hakuna kishina, hakuna chochote ila manyoya laini yaliyoanguka kama pazia. Alipofumbua macho yalikuwa na machozi, na mlinzi alimuuliza kwa wasiwasi kama jogoo amemchubua.

Meneja hakuwa wa kuuzwa, na hilo mlinzi alilisema kabla hata ya kuulizwa. Lakini alikuwa karibu kwenda likizo kuwaona wajukuu, na alikuwa hajapata mtu wa kumwachia. Waliafikiana palepale: Meneja atakaa kwa msusi hadi mlinzi arudi. Mzee alitoa masharti mawili tu, kwamba jogoo asilale njaa na asipewe jina jingine.

Nyumbani, mama alimpokea Meneja kwa mikono miwili. Alibonyeza mara moja, akaendelea kumshika kwa muda mrefu kuliko utambuzi ulivyohitaji. Kisha akaamuru Bi Mkubwa atengewe chumba na mumewe, wawe peke yao, wasiingiliwe. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, lakini huyu alifunguliwa kamba yake siku hiyohiyo, na kufikia jioni alikuwa amekwisha kukagua ua mzima na kumkemea paka.

Bi Mkubwa, aliyekuwa katika pumziko lake refu, alianza kutaga tena. Nyumba nzima ilichangamka. Fundi bomba, mtu asiyejali kuku ila mezani, alionekana akimpa Meneja makombo ya mkate kwa siri. Mayai ya kwanza yaliwekwa chini ya koo wa kuchi, mama hodari wa kuatamia, asiyesogelewa hata na mwewe. Baada ya juma moja msusi aliingia bandani na tochi, akayamulika moja moja ndani ya kiganja chake. Katika yai lenye uhai mwanga huonyesha mishipa myembamba myekundu, kama mizizi. Haya yalikuwa meupe, safi, matupu. Hakuna hata moja lililokuwa na mbegu.

Wifi alikuwapo, na kwa mara ya kwanza hakuwa na utani. Alisema polepole kwamba pengine Bi Mkubwa amezeeka. Msusi mwenyewe alikuwa akiwaza hilohilo, na hakutaka kulipeleka kwa mama. Lakini mama alikuwa amekwisha kulisikia kutoka kigodani. Aliomba kuku wote wawili waletwe, akawapapasa sehemu za nyuma, kisha akauliza swali ambalo msusi hakulitarajia.

"Mkasi wako mdogo uko wapi?"

Akaeleza, bila haya, jambo ambalo mama yake alimfundisha na ambalo yeye alisahau kulirithisha. Kuku mwenye mkia huuinua au huuweka kando, na njia ikawa wazi. Bukini hana cha kuinua. Manyoya yale yanayoanguka kama pazia, ambayo ndiyo uzuri wake, hufunika mahali pasipopaswa kufunikwa, na jogoo akafanya juhudi zake zote za kiume juu ya pazia. Bukini wasiponyolewa nyuma, wote wawili, hawaonani.

Wifi akaketi chini.

"Wifi yangu," alisema alipoweza kuvuta pumzi, "umesuka maharusi wa mji huu wote. Leo umepata bwana harusi wa kunyoa, tena si ndevu."

Msusi naye alicheka. Hiyo ilikuwa kazi yake! Aliosha mkasi wake wa kupunguzia ncha, ule ambao hakumruhusu mtu yeyote kuugusa, akafunga kibwebwe, na wifi akamshika Meneja miguu na mabawa. Alinyoa kwa uangalifu uleule aliompa bibi harusi, akigawanya manyoya tabaka kwa tabaka, akikata karibu na ngozi bila kuichubua. Meneja alivumilia kwa hasira ya mkubwa anayepekuliwa getini. Bi Mkubwa alilala usingizi katikati ya kazi. Walipoachiwa, wakiwa wamebaki na miviringo miwili ya ngozi ya waridi nyuma, walitazamana kwa muda, kisha Meneja akainamisha bawa moja, akaanza kumzunguka mkewe. Wifi alifunika uso kwa kanga. Mama akauliza mbona wamenyamaza, na msusi akamwambia kwamba mambo yanakwenda vizuri.

Ila muda haukuwa wao. Yai la kwanza lilipatikana baada ya siku kadhaa, la pili likafuata, la tatu likaja dogo, lenye ganda jepesi. Asubuhi iliyofuata mlinzi alibisha hodi, amenenepa kidogo kwa mapishi ya wajukuu, akamfuata Meneja wake. Msusi alitamani kumwomba siku nyingine, lakini ahadi ni deni, naye aliona jinsi jogoo alivyomkimbilia mzee. Akamshukuru, akamweleza kwa aibu kuhusu kule kunyolewa nyuma, na mzee akasema mradi hakukuwa kichwani, heshima ya Meneja haijaguswa.

Bi Mkubwa hakutaga tena. Siku zilipita, kiota kikabaki kikavu, na swali la mama la kila asubuhi likabadilika. Hakuuliza tena kama ametaga. Aliuliza kama kuchi ameketi vizuri juu ya mayai yale matatu.

Msusi alipomulika tochi, moja lilikuwa tupu. Mawili yalikuwa na mizizi.

Alitoka bandani kinyumenyume, kama mtu anayeogopa kumwamsha mtoto, na alipofika uani alimshika wifi mabega akamtikisa, na wifi akaelewa, nao wakatikisana. Mama peke yake ndiye aliyebaki ametulia. Aliwakumbusha kwamba hata wazazi wote wawili wakiwa bukini, hutokea kifaranga akazaliwa na mkia, kwa hiyo mwenye kusherehekea asherehekee kuku, asisherehekee bukini bado.

Siku ya kuangua iliangukia siku ya kazi. Msusi alikuwa anamsuka mwalimu wa chekechea wakati fundi bomba, aliyekuwa amebaki nyumbani kwa kisingizio cha kuziba bomba lisilovuja, alipofika saluni na kusema kwa sauti ya mtu asiyejali kwamba kuna kelele ndani ya yai. Mwalimu wa chekechea alisema hatakaa hapo peke yake. Akaenda nao akiwa na mistari mitano na kitambaa.

Kifaranga wa kwanza alikuwa amekwisha kutoka, ameanza kukauka, wa manjano. Msusi alimchukua kutoka chini ya kuchi kwa gharama ya kudonolewa kiganjani, akampeleka kwa mama. Hakutaka kupapasa mwenyewe. Mama alimweka ndani ya kiganja, akamgusa kwa ncha ya kidole kidogo, mahali padogo kama punje ya mtama.

"Mzima, ana nguvu," alisema. "Ana mkia."

Msusi alimrudisha kifaranga, akachuchumaa mbele ya kiota. Yai lililobaki lilikuwa lile dogo lenye ganda jepesi. Lilikuwa na ufa, na ndani ya ufa ncha ya mdomo ilionekana, ikapotea, ikaonekana. Ilipumzika muda mrefu mno. Mwalimu wa chekechea alinong'ona kama haiwezekani kumsaidia, na msusi akatikisa kichwa, kwani kifaranga anayebanduliwa ganda hutoka damu. Aliikalia mikono yake ili isimponze. Wifi, asiyekuwa mtu wa dua ndefu, aliomba dua ndefu. Kuchi alitoa mlio wa chini, wa koo, na kutoka ndani ya ganda kitu kikamjibu. Ganda likazunguka. Kofia yake ikafunguka, na kiumbe kilicholowa kikateleza nje, kikalaza shingo juu ya nyasi kama msafiri aliyefika.

Msusi alimpeleka kwa mama akiwa bado amelowa, akimfunika kwa mikono yote miwili. Mama alifungua kiganja. Kidole kidogo kilishuka mgongoni kwa kifaranga, kikafika mwisho, kikaendelea. Kikarudi, kikashuka tena polepole zaidi. Kisha mama alikiacha hapohapo, mwisho wa mgongo, pasipokuwa na kitu.

"Huyu hana," alisema.

Kelele iliyofuata ilimfanya jirani apande juu ya ndoo achungulie ukutani. Wifi alipiga vigelegele, fundi bomba alimpa mkono mwalimu wa chekechea ambaye hawakuwa wanajuana, na msusi alicheka huku analia, akazunguka ua mzima akiwa hajui anakwenda wapi. Katikati ya hayo yote mama alibaki kwenye kigoda, kiganja kimefungwa nusu, akimpasha kifaranga joto kwa pumzi yake. Alimwita binti yake mara mbili kabla hajasikika.

"Njoo ukae hapa. Anakauka. Niambie rangi yake."

Msusi alipiga magoti mbele yake na kuanza kusema kwa haraka, maneno yakipandana: kwamba ni wa majivu, hapana, mwekundu, ana mstari mgongoni, ana doa, miguu yake ni ya manjano.

"Polepole," alisema mama. "Anza kichwani."